Manundu ya Kocha Dyomin

Jumatatu, tarehe nne Machi 1974, tangazo lenye mihuri miwili lilibandikwa kwenye mlango wa ukumbi wa ndondi wa kiwanda cha matrekta cha Verkhnelomsk: "Wanamichezo wote wanaarifiwa kwamba ni marufuku kuanika soksi juu ya mabomba ya joto. Soksi zitaanikwa mahali pengine." Mahali pengine hapakutajwa.

Kocha Prokhor Lukich Dyomin alilisoma kwa jicho la kulia. La kushoto lilikuwa limefumba tangu asubuhi, saa ambayo mwanafunzi wake mmoja alikuwa akipigana mjini Perm.

Hali hiyo ilimwanza mwaka 1959, alipoacha ulingo na kushika ukocha. Enzi zake alipigana mara mia moja arobaini na tatu, akatoka na uso usio na kovu, maana alikuwa bingwa wa kukwepa. Fainali yake ya Kiev aliipoteza kwa pointi, waamuzi wakieleza kwamba mtu asiyepigwa hawezi kuhesabiwa kuwa amepigana. Tangu awe kocha, kila konde lililompata mwanafunzi wake liliacha alama usoni pake yeye. Mwanafunzi alisikia maumivu, akapepesuka, pengine akaanguka, kama kanuni zinavyotaka. Lakini nundu ilichomoza kwa Dyomin, popote alipo, hata katika foleni ya soseji. Daktari wa kiwanda aliandika "ugonjwa wa kazini" akampa marhamu. Akina mama wa mji walimpenda sana, wakampelekea wana wao, hasa wale waliokuwa wakijifunza fidla.

Mkewe, Kapitolina Savvishna, mpishi wa kantini, alizisoma alama hizo kama wengine wasomavyo gazeti.

"Hii ya leo ya nani?" aliuliza jioni hiyo, akimbandika jichoni mfuko wa pelmeni, vidonge vya unga na nyama, zilizoganda.

"Ya Fanis."

"Muongo wewe. Fanis akipigwa, hupigwa mbavuni. Hii ni ya yule mwana wa mhasibu, anayefumba macho ngumi ikija."

"Sasa kama unajua, unaniuliza ya nini?"

"Nataka nisikie kama meno bado yamo."

Fanis Zaripov, mchomelea vyuma wa karakana ya pili, ndiye aliyekuwa mwanafunzi bora wa Dyomin, na mwezi huo angepigania ubingwa wa Muungano wa Kisovieti huko Minsk. Ilikuwa desturi ya chama cha michezo cha mji kwamba bondia akinukia ubingwa, fomu yake huandikwa upya, na kwenye mstari wa kocha huwekwa jina la mwenyekiti. Mabingwa watatu wa Dyomin walikwisha kwenda kwa njia hiyo. Mwenyekiti wa sasa, Ippolit Markovich Sukhorukov, alikuwa amehamishiwa michezoni kutoka idara ya ufugaji wa kuku.

Dyomin angestaafu mwezi Juni. Jina lake lilikuwa halijaandikwa popote, isipokuwa kwenye orodha ya zamu za kufagia ukumbi. Safari hii alilitaka kwenye fomu ya Fanis. Alimfuata mwenyekiti ofisini.

"Ippolit Markovich, mstari ule ni wangu."

"Prokhor Lukich, mzee wangu, wewe ni mtu wa vitendo. Makaratasi yatakuchosha bure."

"Kuchoka nimezoea."

"Halafu jitazame huo uso. Minsk kuna televisheni."

Siku ya fainali Dyomin alikwenda zahanati, akaketi mbele ya daktari na mashahidi wawili, mbele ya redio, uso ukiwa umeoshwa na kukaguliwa. Akipigwa Fanis huko Minsk, alama itaonekana hapa, nayo itathibitisha kocha ni nani. Lakini raundi mbili zikapita bila alama, kwa kuwa Fanis hakuguswa, kama alivyofundishwa.

"Mpumbavu huyu," alisema Dyomin, akifuta jasho, "ananiharibia kesi kwa ustadi."

"Wamlaumu nani?" alisema Kapitolina, aliyeketi kando yake. "Ungemfundisha vibaya kidogo."

Raundi ya tatu, saa nane na dakika ishirini, mtangazaji alisema kwamba Zaripov ameshusha mkono wa kulia bila sababu ya kueleweka. Jicho la Dyomin lilivimba likawa kama kiazi kikuu. Daktari alilipima kwa rula, akaandika, mashahidi wakatia sahihi. Fanis alishinda. Sukhorukov, aliyekuwa amesimama kwenye kona ya ulingo huko Minsk akishika taulo kwa ncha za vidole, alirudi na kikombe na uso safi kama yai.

Fanis alimwendea mwalimu wake moja kwa moja kutoka stesheni.

"Mwalimu, ile niliiachia kwa makusudi."

"Nilijua. Lakini ngumi ndogo hukuiona?"

"Jamaa hakuwa na ndogo, Mwalimu."

Tume ya watu watano iliitwa kuamua kocha ni nani. Hakuna mjumbe aliyetia shaka kwamba nundu ilikuwa ya Minsk. Mmoja aliuliza kwa nini fainali ilipigwa saa sita na dakika ishirini, na nundu ikatokea saa nane na dakika ishirini. Akakumbushwa kwamba Minsk hufuata saa za Moscow, zilizo nyuma ya za hapa kwa saa mbili, naye akaomba hilo liingizwe kwenye kumbukumbu kama dosari. Sukhorukov aliuliza kocha gani huyo anayepigwa miaka kumi na mitano mfululizo. Yeye mwenyewe, alisema, hajapata hata mkwaruzo, na huo ndio ushahidi wa ubora wa mbinu zake. Fanis alisimama akasema, "Huyu hajui hata kufunga glavu!" Akaelekezwa kwamba mabingwa huzungumza mwishoni, na mwisho wa kikao hakupewa nafasi.

Dyomin aliulizwa kama ana la kuongeza. Alisema ushahidi wake wanao mbele yao, na kama hauonekani vizuri anaweza kusogea dirishani. Alisogea. Wajumbe walimtazama kwa muda wa kutosha, wakaenda chumba cha pili, wakarudi na uamuzi, ambao katibu aliusoma wakiwa wamesimama.

Tume ilikiri kwamba alama za makonde hutokea kwa kocha halali wa bondia. Kwa kuwa kocha halali, kwa mujibu wa fomu, ni Komredi Sukhorukov I. M., nundu ya tarehe kumi na saba Machi, pamoja na zitakazofuata, ziliandikishwa kwa jina lake. Komredi Dyomin P. L. aliagizwa kuzitunza usoni pake kwa niaba ya mwenye nazo, hadi tarehe itakayotangazwa.