Aliyeketi Kitini

Familia nzima ilimwita binti huyo Profesa, ingawa alikuwa na shahada moja tu ya historia, tena wino wake haujakauka vizuri. Jina lilitoka kwa baba yake mdogo, mtu wa maneno, ambaye akishika kipaza sauti hakiachi mpaka anyang'anywe. Ndiye aliyempa kazi ya kumtafuta babu wa enzi za wakoloni, ili picha yake itundikwe sebuleni siku ya kikao cha ukoo.

Profesa aliipokea kazi ile kwa moyo mmoja, hasa kwa ajili ya Bibi. Anayetafutwa alikuwa baba yake Bibi, aliyefariki yeye akiwa bado mtoto, na sasa macho ya Bibi yalikuwa yakififia kiasi kwamba watu aliwaona kama vivuli. Alitaka ajue tu baba yake alikuwaje, kabla hajamfuata. Alichokumbuka kwa hakika ni kwamba baba huyo alitembea na wazungu, na kwamba mkono wake wa kushoto ulikuwa na vidole sita. Baba mdogo alisikia hilo la wazungu akaanza kutamba kwamba damu ya ofisini haijifichi.

Kwenye jumba la nyaraka, Profesa alipekua mafaili yaliyoliwa na mchwa hadi kope zikajaa vumbi. Wazungu wale waliandika majina ya mbwa wao. Watu waliandikwa kwa jumla, kama magunia. Mwishowe mtunza nyaraka alimletea picha moja ya kambi iliyokuwa karibu na kwao. Nyuma yake yalikuwa maneno matatu tu: mkalimani na wapagazi.

Mkalimani alikuwa ameketi kitini, kofia kichwani, mikono mifukoni. Nyuma yake wapagazi walijipanga na mizigo vichwani. Profesa alisogeza kioo cha kukuzia, na pembeni kabisa akauona mkono wa kushoto wa mpagazi mmoja umeshikilia sanduku. Vidole sita.

Alihesabu tena, akitamani akosee. Kisha akamtazama yule wa kitini, akajiambia kwamba mikono iliyo mifukoni nani ajuaye ina vidole vingapi. Alipoipeleka nakala studio, fundi wa picha alimuuliza kama hawa wa nyuma awaache.

"Wakate," alisema, na hakumtazama usoni.

Siku ya kikao picha ilitundikwa, vigelegele vikapigwa. Baba mdogo alisimama chini yake, akauliza kama watu wanaiona pua ile, halafu akageuza yake upande upande ili wailinganishe. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Profesa alicheka nao, mkoba ameubana kwapani.

Bibi hakucheka. Alimshika mkono akaomba ampeleke chumbani. Alipoketi kitandani aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeogopa kuvunja kitu:

"Amekaa, mjukuu wangu?"

"Amekaa, Bibi. Kwenye kiti."

Bibi alijiweka sawa kitandani.

"Afadhali," alisema. "Mimi nilijua mgongo wake tu, jinsi alivyolalia tumbo huku mama akimkanda. Afadhali kuna siku walimpa kiti."

Profesa alitaka sakafu ipasuke immeze. Kwa hiyo Bibi alijua kwamba baba yake alibeba mizigo. Alijua siku zote, na sasa alikuwa anashukuru kwa kiti ambacho baba yake hakuwahi kukikalia.

"Bibi, yule siye," alisema. "Baba yako yuko nyuma, amebeba. Nilimwona, nikamkata. Nilimwonea haya."

Sebuleni baba mdogo alikuwa bado anaendelea na pua.

"Mimi ndiye niliyewaambia alitembea na wazungu," Bibi alisema mwishowe. "Sikuwaambia alibeba nini. Nilikuwa nimeolewa ugenini, nikaogopa kuchekwa. Unayo nzima?"

Ilikuwa ndani ya mkoba, imekunjwa. Profesa aliinyoosha juu ya goti.

"Niambie. Usiruke kitu."

Akamwambia. Sanduku limefungwa kamba. Shati halina mikono. Goti moja limepinda kidogo, miguu haina viatu. Sanduku limeweka kivuli, macho hayaonekani. Kinachoonekana ni mdomo na kidevu.

"Mdomo umefanyaje?"

"Umefumbwa. Kama mtu anayesubiri waseme basi."

Bibi aliitikia kwa kichwa, machozi yakimtiririka bila sauti. Kisha akainuka, akajiegemeza begani mwa mjukuu wake.

"Twende. Utasema wewe, mimi nitakuwa nimekushika."

Watu waliwapisha wakidhani Bibi anakuja kuigusa picha. Baba mdogo alimtania Profesa kwamba ameleta hotuba. Profesa alivuta stuli, akapanda, akaishusha picha mbele ya wote. Kicheko kilikatika. Mkono wa Bibi ulikuwa umelishika pindo la gauni la mjukuu wake, na Profesa akaanza kusema, akianzia na kile alichomwambia fundi.