Sauti ya Tatu

Wifi yangu Devota aliniambia wazi kwamba kama sauti yake haitahifadhiwa kwanza, Jumatatu haendi hospitali. Uvimbe shingoni mwake ulikuwa umekua hadi analala ameegemea ukuta ili apate pumzi. Daktari alitaka kuutoa upesi. Lakini kwa kuwa alikuwa mtu mkweli, alisema pia kwamba mshipa unaoendesha sauti unapita hapohapo, na wapo wagonjwa wanaoamka na sauti nyingine, au na mnong'ono tu.

"Shingo ni yangu," Devota alisema tukirudi nyumbani Miyuji. "Nikifa na sauti yangu, si nimekufa mzima?"

Tangu marehemu kaka yake anioe kule Mlali, miaka thelathini na moja sasa, mimi huanzisha wimbo na yeye huitikia. Kwenye mavuno, kwenye misiba, kanisani. Sijui kuimba bila yeye, na niliogopa kumwambia kwamba nilikuwa namwombea Mungu apone kwa ajili yangu pia.

Basi nilichukua jambo hilo nikaenda nalo kwenye darasa la jioni. Mimi nimejua kusoma nikiwa na miaka hamsini na mbili, na mwaka ule nilipoisoma Zaburi mwenyewe kwa mara ya kwanza nilitunga wimbo wa kushukuru. Huo ndio Devota alitaka uhifadhiwe. Mwenzangu wa dawati moja, Swaumu, Mrangi wa Kondoa anayeshona nguo, ndiye aliyeniwekea kwenye simu programu ya kurekodi. Alinieleza taratibu. Unaimba kwanza sauti yako peke yako, halafu mwenzako anavaa hedifoni, anakusikia, anaimba yake juu ya yako. Simu inaziunganisha. Niliandika yote kwenye daftari, hatua kwa hatua.

Jumamosi asubuhi, kabla upepo haujaanza kupiga bati, niliwatoa kuku nje uani, nikafunga mlango, nikatundika mablanketi madirishani kama Swaumu alivyosema. Niliomba. Kisha nikaimba sehemu yangu, na kila nilipofika mahali pa kuitikiwa nilinyamaza, nikangoja. Niliposikiliza nilishtuka. Mwanamke mgeni, mwenye sauti ya mtu aliyekwisha kulia, alikuwa akimshukuru Mungu kwa maneno yangu. Nilirudia kusikiliza mara tatu. Sikuwa nimewahi kujua kwamba mimi ndiye yule.

Nikamvalisha Devota hedifoni, nikabonyeza.

Alisikiliza mstari wa kwanza ameinamisha kichwa. Palipofika pa kuitikia, alisema kwa heshima, "Mbukwa."

Nilisimamisha simu. Nikamwambia si pa kuamkia, ni pa kuimba.

"Ameniita. Niitwe nisiamkie?"

Kwetu Ugogo ndivyo ilivyo. Anayeitikia humwamkia kwanza anayeanzisha, humtaja jina, humpa moyo, ndipo huchukua wimbo. Na anayeanzisha humngoja hata kama mwenzake ataanza kwa kucheka. Tukajaribu tena. Safari hii hakuamkia, lakini alipokuwa katikati ya kuitikia, sauti yangu ndani ya simu ilianza ubeti wa pili na kumpita. Mara ya tatu ikampita tena. Alivua hedifoni akaziweka mezani.

"Huyu wifi yangu wa ndani ya simu hana adabu," alisema. "Nimemwamkia hajaitikia, naimba ananikata. Mlimfundisha wapi, darasani?"

Tulicheka, kisha kicheko chake kikageuka kukohoa, na kukohoa kukakawia. Alipomaliza alikuwa amechoka, macho yamejaa maji. Alisema labda Mungu hataki. Alisema nimpigie daktari, nafasi yake apewe mwingine.

Nilitoka nje. Nilisimama karibu na tanki la maji nikaomba maneno machache, kwa sababu sikuwa na mengi. Sikusikia jibu. Nilichosikia ni Devota ndani, amechukua ungo na kuanza kupepeta uwele, kama anavyofanya akiwa na uchungu. Sha, sha, sha. Na chini ya ungo alikuwa akiimba wimbo wangu, akijianzishia na kujiitikia.

Niliingia polepole, nikaliacha daftari la hatua lilipo. Niliiweka simu juu ya gunia katikati yetu, nikabonyeza, nikakaa mbele yake magoti yakigusana. Nikaanzisha.

"Mbukwa, Anjelina," aliitikia, ungo haujasimama. "Mbukwa, wifi, leta." Akaupokea wimbo.

Tuliimba hadi mwisho. Kuku walipiga kelele mlangoni, na hakuna aliyewajali.

Nilimtumia Swaumu rekodi ile ili aniambie kama inafaa. Alijibu kwa ujumbe wa sauti, tukausikiliza wote wawili: "Mashaallah, da Anjelina. Lakini ulisema mko wawili. Huyo mwanamume anayeimba chini yenu ni nani?"

Devota alinitazama. "Mwanamume gani tumemficha humu?"

Tukagawana hedifoni, sikio moja moja. Mwanzoni nilisikia mimi na yeye na ungo. Kisha, mahali sauti zetu zinaposhikana na hakuna anayeyumba, ilikuja. Sauti nene, chini kabisa, kama nyuki ndani ya mzinga, ikipanda nasi na kushuka nasi. Tulipoachana ilinyamaza. Tuliposhikana ilirudi. Vinyweleo vya mikono yangu vilisimama. Nilitafuta ndani ya chumba, nikatazama hata nyuma ya mablanketi, na sikuona aibu kutazama.

Devota hakushangaa kama mimi. Alikuwa amefumba macho.

"Huyo namjua," alisema. "Tangu mavuno ya kwanza uliyoimba kwetu. Nilidhani namsikia peke yangu, nikafikiri ni kitu cha kooni mwangu."

Tulisikiliza tena. Akaigusa shingo yake, ule uvimbe, akaubonyeza kidogo kwa kidole kama mtu anayepima unga.

"Kumbe hakai humu," alisema. "Basi wakate."

Jumatatu saa moja asubuhi muuguzi alinizuia kwenye mlango wa chumba cha upasuaji. Devota alinivulia hereni zake akanipa. Nilitaka kusema neno la Mungu nikakosa, kwa hiyo nilimwamkia tu, kwa Kigogo, kama anayemwita aupokee wimbo. Aliniitikia kwa sauti yake yote, hata muuguzi akageuka, kisha akaingia.