Madobi Kumi na Wawili

Sketi iliingia Bukavu Jumatano ya pili ya mwezi wa sita, ndani ya sanduku la Padiri Jacques, katikati ya viatu vyake na katoni mbili za biskuti. Ilikuwa imetoka Uskoti. Ilikuwa ya sufu nzito, ya kijani na buluu, yenye marinda mengi upande wa nyuma, na safari ilikuwa imeikunja vibaya.

Virginie Nsimire aliipokea kwa karatasi mbili za makabidhiano. Moja abaki nayo yeye, nyingine achukue padiri.

"Maman Virginie, mimi si transporteur wa mizigo," alisema Padiri Jacques huku akisaini.

"Leo uko transporteur, Padiri. Andika na saa."

Padiri aliandika saa. Alimfahamu vizuri. Kwa miaka ishirini na sita Virginie alikuwa amefanya kazi kwenye ofisi ya viwanja, na huko alijifunza kwamba watu wawili wakiapa juu ya mpaka mmoja, angalau mmoja anakosea, na mara nyingi wote wawili. Alipostaafu aliomba parokia chumba kimoja nyuma ya ukumbi, akakifanya makumbusho. Ndani yake aliihifadhi historia ya hospitali ya vita ya Wakongo, ile iliyokwenda na majeshi ya Waingereza hadi Burma, mahali ambapo wazee wa Bukavu wanapaita Birmani. Ukutani palikuwa na picha thelathini na nane za wauguzi, madereva na wabeba machela. Chini ya kila picha palikuwa na nakala ya karatasi iliyothibitisha kwamba mtu huyo alikuwepo. Asiye na karatasi hakuwekwa ukutani, na sheria hiyo haikumbagua mtu.

Haikumbagua hata Anaclet Murhula, baba yake mzazi.

Mama yake, Maman Mapendo, alikuwa na miaka themanini na saba, na kwa miaka kumi na moja alikuwa amesema neno lile lile kila alipoingia mle ndani. "Ukuta ya batu bote. Ni baba yako tu hana fasi."

"Maman, nilitafuta jina lake kwa orodha ya wauguzi mara tatu."

"Tafuta mara ya ine."

Virginie alikuwa ametafuta mara ya nne pia, bila kumwambia. Hakuna Anaclet Murhula. Baba yake alifariki mwaka 1988. Nyumbani hakupenda kuzungumzia vita. Mkewe ndiye aliyesimulia kwa niaba yake kwamba alikuwa infirmier, yaani muuguzi, kwamba alifunga vidonda vya wazungu, kwamba daktari mkubwa hakuweza kuanza kazi kabla hajafika. Virginie alimpenda baba yake kuliko mtu yeyote, na kwa sababu hiyo hasa hakutaka aingie ukutani kwa mlango wa nyuma.

Sketi yenyewe ilitoka kwenye makumbusho madogo ya kikosi kimoja cha Waskoti, kikosi ambacho siku hizi hakipo tena kwa jina lake. Watu wachache wa mji wake walikuwa wamebaki kukitunzia kumbukumbu kwa kujitolea. Mtunzaji wao, Bwana Innes, alikuwa mwalimu mstaafu mwenye Kifaransa cha shule. Miaka miwili iliyopita aliandika kuuliza habari za hospitali ya Wakongo, kwa kuwa majeruhi kadhaa wa kikosi chake walipitia hapo. Virginie alimjibu kwa kurasa nne zenye tanbihi. Bwana Innes alijibu kwa sita. Tangu hapo waliandikiana kila mwezi, wakisahihishana tarehe, kila mmoja akifurahia kupata mtu wa kumsahihisha. Mwishowe alituma sketi ya mpiga zumari mmoja, vazi la wanaume wa kikosi hicho, aliyelazwa wiki tano kwa Wakongo akiwa na jeraha la mguu. Ingeoneshwa mara ya kwanza Jumamosi hiyo, na watu walikuwa wamealikwa.

Sasa ilikuwa imekunjamana, na Virginie hakugusa kitu cha kale bila idhini. Aliandika kuuliza. Bwana Innes alijibu kwamba nguo hiyo ilivaliwa na wapiga zumari wengine miaka mingi baada ya vita, haikuwa dhaifu, ingestahimili pasi na kitambaa cha maji. Lakini marinda yake yalikuwa na utaratibu wake. Alhamisi saa tisa angepiga simu ya video amwoneshe.

Alhamisi saa nane umeme ulikatika. Virginie alimwacha mama yake ameketi kando ya meza, akaenda kuchaji simu kwa jirani mwenye jenereta.

"Usiiguse, Maman."

"Niiguse na nini?"

Aliporudi, Maman Mapendo alikuwa amevaa miwani, ana sindano mkononi, na sketi imelala mezani ikiwa imeshonwa. Alikuwa amekusanya rinda juu ya rinda na kuyashikiza kwa uzi mweupe, mishono mirefu, mistari mitatu, upana wa kiganja kati ya mstari na mstari. Pembeni, pasi ya makaa ilikuwa imeanza kupata moto.

Virginie alikaa chini kwanza. "Maman, hii si sketi ya shule ya masista. Iko na miaka themanini. Umeitoboa."

"Sindano inapita kati ya nyuzi. Haitoboe kitu. Nilifanya hivi miaka makumi tatu, hakuna sista alilia."

Simu ikaita. Bwana Innes alionekana, mwekundu, akiwa na sketi nyingine mezani kwake. Virginie alianza kuomba radhi kwa Kifaransa kilichonyooka sana, kama mtu anayesoma ripoti ya ajali, akageuza kamera aoneshe uharibifu.

Bwana Innes alisogea karibu na skrini. Kisha akaomba kamera isogezwe. Akaomba aone fundo la kuanzia: lilikuwa nje, upande wa kushoto, ili livutwe kwa urahisi kazi ikiisha.

"Nani amefanya hivi?"

"Mama yangu. Ninasikitika."

"Madame, hiki ndicho nilichotaka kukuonesha." Aliinua sketi yake. Mistari mitatu ya uzi mweupe, fundo nje, upande wa kushoto. "Fundi wa kikosi alinifundisha mimi hivi hivi. Mama yako amejifunza wapi?"

Virginie alitafsiri swali. Maman Mapendo alisema ni mumewe, mwaka 1956, mwaka waliooana, alipokuwa na duka lake la udobi pale Nyawera, akiwapigia pasi wasichana wa bweni la masista.

"Je, ni ushahidi?" Virginie alimuuliza Bwana Innes.

Mzee alifikiri. "Wanaoshikiza marinda kwa uzi wako wengi. Mistari mitatu na fundo lile, sijaona nje ya kikosi. Lakini mimi sijaona mambo mengi. Nisingeiandika kama hakika."

Virginie alimpenda kwa jibu hilo. Akamshukuru, akakata simu, akavuta kiti karibu na mama yake.

"Maman. Infirmier anafunga vidonda. Nani alimufundishaka marinda?"

"Muzungu mumoja mugonjwa. Alikuwa analala kwa kitanda, anamukemea siku nzima. Anashonesha, anafumuesha, anaanza tena."

"Na kwa nini mugonjwa anakemea infirmier juu ya sketi?"

Maman Mapendo alitia kitambaa ndani ya maji, akakikamua polepole, akakitandaza juu ya marinda. Alipitisha pasi mara moja, mara mbili. Mvuke ulipanda na harufu ya kondoo.

"Baba yangu alikuwa catéchiste kule Nyantende," alisema bila kuinua macho. "Unazani angenitoa kwa mutu wa kufula? Anaclet aliniambia kweli tangu siku ya kwanza: mimi nilifulaka bandeji na mashuka. Ni mimi nilimupandisha cheo. Nilisema infirmier, baba akakubali, ndoa ikapita. Kisha ilikuwa ngumu kumushusha."

"Miaka makumi sita na nane, Maman?"

"Ulitaka nimushushe siku gani? Siku ya matanga?"

Virginie alicheka mpaka akavua miwani. Miaka kumi na moja alikuwa amemtafuta baba yake kwenye ukurasa asimokuwemo. Alifungua kabati, akatoa nakala ya orodha, akapita wauguzi, akapita madereva, akafika ukurasa wa mwisho ambao hakuwahi kuusoma kwa moyo, kwa sababu haukuwa na majina. Mstari wa tatu toka chini uliandikwa kwa mashine: madobi, kumi na wawili. Basi. Hakuna aliyeona haja ya kuandika ni nani.

Siku ya Ijumaa waliandika maelezo pamoja, na haikuwa rahisi. Maman Mapendo alitaka sentensi moja: Anaclet Murhula alifika Birmani. Virginie alisema hilo hawalijui. Wakabishana hadi chai ikapoa. Kilichobandikwa chini ya picha ya mwanamume mwembamba mwenye pasi mkononi kilisomeka hivi:

"Anaclet Murhula, 1921–1988, dobi wa Nyawera. Mjane wake anaeleza kwamba alifua nguo katika hospitali ya vita. Orodha ya hospitali inataja madobi kumi na wawili bila majina. Karatasi yenye jina lake haijapatikana. Sketi iliyo mbele yako imenyooshwa kwa njia aliyomfundisha mkewe."

Kando ya picha hiyo Virginie alipigilia misumari kumi na mmoja isiyo na kitu. Mstari mmoja wa uzi mweupe aliuacha ndani ya sketi, ili watu wauone, na hapo mama yake alikasirika kweli.

"Batasema nimeacha kazi katikati."

"Batasoma maandishi."

"Batu habasomi."

Kwa hiyo Jumamosi Maman Mapendo aliketi kando ya kioo tangu asubuhi, kitambaa kipya kichwani, akimweleza kila aliyepita kwamba uzi ule umeachwa kwa amri ya binti yake. Kwenye saa tano mwanamke mmoja wa makamo, aliyetoka Kavumu, alisimama muda mrefu mbele ya misumari. Akasema babu yake pia alikuwa kwenye hospitali ile, wanajua nyumbani wote, lakini hawajawahi kuona jina lake popote.

"Alikuwa anafanya kazi gani?" aliuliza Maman Mapendo.

"Infirmier, Maman. Infirmier mukubwa."

Maman Mapendo alimtazama kwa upole, akamsogezea kiti.

"Bibi yako iko muzima?"

"Iko, Maman."

"Rudia nyumbani umuulize tena. Umuulize akiwa peke yake. Kisha ulete kalamu, tutaandika."