Mshono Haukuvuja

Godoro lilipolowa kwa mara ya tatu ndani ya wiki moja, Mama Mishono hakusema kitu. Alilivuta kutoka kitanda cha juu cha lile gari, akalikokota mpaka barazani, akaliegemeza ukutani, kisha akakaa kwenye kiti cha plastiki na kulitazama likichuruzika. Kimya hicho kilimtisha mumewe kuliko maneno. Maneno alishayazoea.

Gari lilikuwa la kaka yake Mama Mishono, naye aliliita Kasri, kwa mapenzi au kwa dhihaka, hakuna aliyejua. Ni gari la kulala ndani: jiko la gesi la plati mbili, kabati la vyombo lisilofungika, viti vya kukunjua, na juu yake paa la kuinua. Unalegeza komeo mbili, unasukuma kwa bega, na paa linanyanyuka upande mmoja kama kifuniko cha sanduku, likivuta kuta za turubai, na hapo juu panapatikana kitanda cha watu wawili wasiogombana. Kaka mtu aliwaazima kwa moyo mkunjufu, akawatakia safari njema, akawaomba wasilirudishe likinuka vitunguu. Kuhusu mvua hakutamka neno.

Safari ilikuwa ya kwenda kwa binti yao, kitindamimba, aliyeishi mwendo wa siku mbili kutoka pale, katika chumba kimoja alichokigawana sasa na mtoto wa miezi miwili. Mama Mishono alikuwa amemwona mjukuu wake kwenye simu tu, na kwenye simu mtoto alikuwa na tabia ya kuigeuzia kamera kisogo. Alitaka kumbeba. Alitaka kumnusa shingoni, basi, hakuwa na jambo jingine kubwa maishani kwa wakati huo. Angeweza kupanda basi akaenda peke yake, lakini binti aliweka sharti, tena alilitamka polepole ili mtu asije akajifanya hakusikia: mje wote wawili, au msije. Jumatatu anarudi kazini. Leo ilikuwa Alhamisi, na wasipoondoka leo ndiyo basi tena.

Sharti lilikuwa na sababu. Binti huyo ni fundi bomba kama baba yake, na kazi alifundishwa na baba yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, bila jina jingine. Miaka mitatu nyuma walifunga mabomba ya nyumba moja ya wageni, na haukupita muda ukuta ukavimba maji, plasta ikaporomoka sakafuni. Mwenye nyumba alipouliza kiungo cha bomba kilichovuja kilifungwa na nani, Fundi alimnyooshea kidole mwanawe mbele ya watu. Binti aliweka spana chini, akaondoka, na kabla mwezi haujaisha alikuwa amehama mji.

Kisha Fundi akaupasua ule ukuta ili autengeneze, akarudi nyumbani na kiungo kile mfukoni, akakificha kwenye kopo la misumari. Mama Mishono alikikuta siku anatafuta msumari wa kutundikia kioo. Kilikuwa kimezungushiwa katani, zile nyuzi za kuzuia kiungo kisivuje. Binti yake hajawahi kuzungushia katani tangu ashike spana. Yeye ni wa tepu nyeupe, na baba yake alimcheka kwa hilo kila siku ya Mungu. Katani ni ya Fundi. Mama Mishono alikirudisha kiungo kwenye kopo, na kopo mahali pake, akangoja mumewe afungue mdomo mwenyewe. Alikuwa bado anangoja, na huku akingoja alifanywa posta: mwambie mwanao hivi, mwambie baba hivi, na yeye katikati akipeleka na kurudisha, akipunguza ukali huku na kuongeza utamu kule, mpaka mwenyewe akachoka na sauti yake.

Sasa tuje kwenye mvua. Jumapili ilinyesha kidogo, na matone machache yakapenya pembeni mwa komeo, pale mpira wa kuzuia maji ulipochanika. Fundi alifurahi, hilo lazima lisemwe. Alistaafu mwaka jana, na tangu hapo hakuna kilichovuja nyumbani mwake, jambo lililomnyima raha. Alitoa ngazi, akatoa bunduki yake ya silikoni, ile gundi laini ya kuzibia nyufa, akapanda juu ya Kasri akipiga mluzi. Mkewe alipomuuliza kama analijua paa lenyewe alijibiwa kwamba maji ni maji. Aliziba penye mpira, na kwa kuwa alikuwa ameshapanda, akaziba na kila kingine alichokiona. Mkono wa Fundi haukuweza kupita penye tundu na kuliacha wazi. Miaka arobaini na kitu ya kazi imemfanya hivyo.

Jumanne mvua ilirudi. Safari hii hayakuingia matone, yaliingia maji. Fundi alikunja uso, akapanda tena, akamwaga silikoni mpaka ukingo wa paa ukawa mweupe na wenye mabonge. Alhamisi asubuhi maji yaliingia kwa fujo zaidi, na kwa kuwa kila wingu likitanda Fundi huinua paa ili aijaribu kazi yake, na kila akiijaribu husahau kutoa godoro, ndiyo maana godoro liko barazani.

Angeishia hapo ingekuwa nafuu. Lakini Mama Mishono akiwa amekaa na godoro lake alimsikia dirishani akiongea na shemeji yake kwenye simu, kwa ile sauti ya kitaalamu aliyoiweka kwa wateja. Alimweleza kwamba ameshagundua tatizo. Paa halina shida. Tatizo ni turubai. Lilichanika, dada yako akalishona upya, na sindano iliyotoboa kitambaa ndiyo imekaribisha maji. Ni mshono, shemeji. Mambo ya mshono hayo mimi siyawezi.

Maji yalimfika Mama Mishono shingoni. Ameshona miaka thelathini. Ameshona mabegi ya shule, vifuniko vya malori, mahema ya watu wa barabara, na jina lenyewe analoitwa hakujipa, alipewa na wateja. Lile turubai alilishona kwa mshono wa kukunja mara mbili, akalipaka nta ndani na nje kwa kidole chake mwenyewe mpaka kidole kikalainika. Na hata hayo angeyameza. Kilichomchoma ni kwamba sauti ile aliijua. Ndiyo ile ile iliyomjibu mwenye nyumba ya wageni.

Hakwenda kugombana. Aliingia chumba cha kushonea, akachukua chaki ya kuchoria nguo, ile ya buluu, na kwa kuwa mkono haujisikii vizuri bila sindano, akachukua na sindano ya magunia. Akapanda ndani ya Kasri, akapiga magoti kwenye mbao tupu za kitanda cha juu, akachora mstari wa chaki juu ya kila mshono, kutoka juu mpaka chini, na mstari mwingine wa kuzunguka pale turubai linapokutana na bati. Chaki haina upendeleo. Maji yakipita yanaifuta, yasipopita inabaki.

Hakungoja sana. Mvua ilishuka ghafla, nzito, ikalipiga paa mpaka ukawa huwezi kujisikia ukikohoa. Mama Mishono alikodoa macho kwenye mishono yake. Mshono wa kwanza, mkavu. Wa pili, mkavu. Kona, ambako hata yeye mwenyewe moyoni alikuwa na wasiwasi nako kidogo, kavu. Alikuwa anaanza kujiuliza maji yatatoka wapi basi, pale magoti yake yalipolowa.

Yalitoka chini. Mstari wa kuzunguka ulikuwa unafutika wote kwa pamoja, pande zote nne, na maji yakimiminika ndani juu ya ukingo kama sufuria iliyosahaulika motoni. Aliinua pindo la turubai. Nyuma yake palikuwa na mfereji mwembamba unaolizunguka paa, umejaa pomoni. Aliuingiza mkono, akapapasa mpaka kwenye kona, na kidole kikagusa bonge laini. Alilichoma kwa sindano ya magunia, akalizungusha, akalivuta. Lilitoka zima. Chini yake palikuwa na kitundu cha ukubwa wa kifungo cha shati, na maji yakaanza kuzama humo kwa sauti ya kugugumia, yakapita kwenye bomba la mpira lililofichwa ukutani, yakaanguka chini ya gari. Alifungua na kona tatu zilizobaki. Mfereji ukakauka huku mvua ikinyesha vile vile.

Alifungua dirisha dogo akamwita mumewe. Fundi alikuja mbio amejifunika gazeti kichwani, akidhani kuna hatari.

"Panda," mkewe akamwambia.

Alipanda. Mama Mishono alimpisha. Alimwonyesha chaki kwenye mishono, ya buluu, kamili. Alimwonyesha mfereji. Alimwekea mabonge manne ya silikoni kiganjani, akamwelekeza kwenye kitundu cha karibu. Fundi alikitia kidole, akasikiliza maji yakishuka, na uso wake ukabadilika. Mtu aliyefunga mifereji ya nusu ya mtaa hakuhitaji kufundishwa kwamba mfereji lazima uwe na pa kutolea maji.

"Vimezibwa," akasema hatimaye.

"Vimezibwa na nani?"

"Watengenezaji nao wangeweka alama. Mtu anaona tundu tu, hajui..."

"Nakuuliza, baba watoto. Mshono umevuja?"

Fundi alitazama mishono yote, mmoja mmoja, kwa haki kabisa. "Haukuvuja," akasema.

"Na vitundu vimezibwa na nani?"

Aliyatazama mabonge kiganjani. Hapo mtu mwingine angecheka yakaisha, na Mama Mishono mwenyewe alikuwa tayari kucheka, kwa kuwa hasira ilishamchosha. Fundi aliyafinya mabonge moja moja, kama anayatafutia mwenyewe. Na wakiwa wamekaa hivyo, vichwa vimeinama chini ya paa, simu ya Mama Mishono ikalia. Ilikuwa saa sita, saa ambayo binti yao hupiga akiwa amemlaza mtoto. Kila siku wiki hii alipiga kuuliza kama wameondoka, na kila siku mama yake alimpa sababu nzuri: mara gurudumu, mara mafuta, mara baba anaumwa mgongo.

Leo sababu zilikuwa zimemwishia. Alibonyeza kitufe cha kupaza sauti, akaiweka simu juu ya goti la mumewe.

"Mama? Mmeshatoka?"

Fundi aliiangalia ile simu bila kuishika. "Ni mimi," akasema.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Alikohoa. "Hatujatoka. Godoro limelowa. Paa lilikuwa linaingiza maji, nikasema ni mshono wa mama yako. Nimemwambia mpaka mjomba wako. Sio mshono. Kuna vitundu vya kutolea maji, ni mimi niliviziba." Aliyaweka mabonge juu ya mbao. "Nimekosea mimi. Mama yako hakukosea."

Mama Mishono aliyasikia maneno hayo, akashika mbao za kitanda kwa mikono miwili. Katika ndoa ya miaka thelathini na minne hakuwa ameyasikia kutoka kinywa kile, na hakujua kwamba yangemtia kizunguzungu.

Fundi aliinama kuona kama simu imekatika. Haikukatika. Mtoto alipiga chafya huko, mara mbili.

"Hilo la paa nimelisikia, baba," binti akasema. "Endelea."

Fundi alimgeukia mkewe. Midomo yake ilicheza bila sauti, na Mama Mishono aliisoma bila shida, kwa kuwa ndilo neno alilotumwa nalo miaka mitatu: mwambie.

Hakumwambia. La kile kiungo cha ukutani angelisema mwenyewe. Alishuka kutoka kitandani, goti moja kisha jingine, akakanyaga kiti, akakanyaga sakafu, akatoka nje na kuufunga mlango wa Kasri. Alisimama pale mvuani bila mwavuli, akilowa mpaka kwenye mifupa, na hakugonga.