Mtoto Aliyeponywa na Wasomaji

Fundi alipoanza kuandika hakumwambia mtu. Si kwamba aliona haya. Mtu anayeshinda mchana kutwa kichwa chake kimo ndani ya friji za watu hana haya kubwa iliyobaki. Hakusema kwa sababu nyumbani kwake maneno yalikuwa yamekauka. Tangu binti yao afariki, mwaka uliotangulia, yeye na mkewe walikuwa wakisemezana yale ya lazima tu: chumvi imekwisha, umeme umerudi, ufunguo uko kwa nani. Mengine yote waliyapita kwa mbali, kama watu wanavyompita mbwa aliyelala.

Binti mwenyewe walimwita Chiriku, maana tangu ulimi wake ulipojua kujipinda haukutulia tena. Alizaliwa na kasoro ya moyo, akaishi nayo miaka saba, na katika miaka hiyo hakuna alichokiona asikiulize. Samaki wakishikwa na kiu wanafanyaje? Kivuli kinalala wapi taa ikizimwa? Na lile swali alilomfuata nalo baba yake hadi karakana: ukifunga friji, taa ya ndani inazimika kweli, au inatudanganya tu? Siku moja fundi akaurudisha mlango wa friji polepole, akamwacha achungulie kwenye upenyo mpaka dakika ya mwisho. Mtoto akasimama wima na uso wa hakimu.

"Inazimika," akasema. "Lakini haifurahi."

Maneno hayo ndiyo yaliyomtia fundi kalamu mkononi, au tuseme simu, kwani aliandikia simu, amekaa juu ya kompresa mbovu, mikono inanuka grisi. Alihofia yasije yakapotea. Aliandika hilo, akaandika la samaki, akaandika la kivuli, na alipotahamaki alikuwa na hadithi: baba fundi, mtoto mwenye moyo dhaifu, maswali yasiyokwisha. Jina la mtoto alilibadilisha. Kisha akaipeleka Ukumbini.

Ukumbi lilikuwa kundi la mtandaoni la watu wanaopenda kuandika. Hakuna aliyemjua mwenzake kwa sura. Kila mmoja alikuwa na jina la kujipachika, na yeye alijipachika Fundi Baridi. Mtu akiweka hadithi yake, wenzake wanaisoma na kutoa maoni, na maoni yenyewe hayakuwa ya kubembelezana. Aliyeogopwa kuliko wote ni mama mmoja aliyejiita Bi Koma. Watu walitania kwamba Bi Koma akialikwa arusini husahihisha kadi kwanza ndipo aamue kama atakwenda. Lakini akikusifu, unatembea siku nzima kama uliyevaa viatu vipya.

Sura ya kwanza ilipokewa kwa mikono miwili. Watu walicheka, wakaweka mioyo myekundu, wakauliza nyingine lini. Bi Koma aliandika mstari mmoja tu: "Huyu mtoto nimemsikia sauti." Fundi aliusoma mstari ule akiwa amesimama jikoni kwa mteja, bisibisi mdomoni, na machozi yakamtoka hata mwenye nyumba akadhani ni gesi ya friji, akakimbilia kufungua madirisha.

Akaendelea. Kila wiki aliweka sura, na kila sura ilileta watu wapya. Hakuwaambia kwamba mtoto huyo alikuwa wake na kwamba hayupo. Angewaambia, wangeacha kuwa wasomaji wakawa waombolezaji, na yeye alikwisha kushiba pole za watu. Ukumbini hakuna aliyempa pole. Walimwuliza, "Enhe, kesho atauliza nini?" Hakuna swali aliloliona tamu kuliko hilo.

Lakini hadithi ilikuwa na njia yake, na njia iliishia hospitali. Fundi aliiandika sura ya mwisho kwa juma zima. Aliandika kitanda, shuka jeupe, baba ameushika mkono wa mtoto, mtoto anafumba macho, mkono unalegea. Akaiweka hewani asubuhi kabla ya kufungua karakana.

Kufika adhuhuri maoni yalikuwa yamejaa. Mmoja aliandika, "Umetuua, Fundi." Mwingine: "Nilimsomea mwanangu sura zote, sasa nimwambie nini?" Wa tatu alisema mwandishi amechoka, ndiyo maana kamfukia mtoto ili apumzike. Kisha akaja Bi Koma.

"Fundi Baridi, nitasema kweli. Kote ulikotupitisha tulikanyaga sakafu. Hapa kwenye kifo hukuwepo. Tumeona shuka na machozi kama ya kwenye filamu. Kumaliza hivi ni kututia pilipili machoni: tutalia, lakini hatutalia kwa ajili ya mtoto. Iandike upya, au mwache aishi."

Fundi aliisoma mara nyingi. Jambo lililomchoma ni lile neno, hukuwepo. Vidole vyake viliandika vyenyewe, "Asanteni kwa maoni, nitayafanyia kazi," kama ilivyokuwa ada ya Ukumbi, kisha akaenda kunawa uso.

Akamwacha aishi.

Mwanzoni alidhani ni sura moja tu, ya kuwaridhisha watu. Daktari akatoka chumba cha upasuaji akitabasamu, mtoto akaamka, akauliza kama moyo wake ulipotolewa ulikuwa unamwona. Ukumbi ulilipuka kwa furaha. Na fundi naye, aliposoma alichokiandika, alihisi kitu kifuani kimeachia, kama fundo la kamba. Basi akaandika nyingine. Mtoto akarudi nyumbani. Akang'oka meno ya mbele, akaanza kusema kwa mluzi. Akapanda darasa. Akagombana na rafiki, wakapatana. Kila asubuhi fundi aliamka akijua kuna jambo ambalo binti yake hajalifanya bado na leo atalifanya. Alianza kuimba akiwa kazini. Alianza kunyoa ndevu.

Mkewe aliyaona hayo. Alikuwa msusi katika saluni ya mtaa wa pili, mwanamke mpole wa maneno machache. Mume anayenyoa ndevu, anayeitazama simu na kutabasamu peke yake, mwanamke yeyote anajua maana yake. "Ana mtu," alimwambia dada yake mkubwa. Na aliposema hivyo, kilichomshangaza ni kwamba hakuona wivu. Alichoona ni uchovu.

Siku aliyopata ukweli alikuwa akimsuka mteja wa kila mara, mama mmoja mwenye kicheko kikubwa. Mteja aliwasomea wenzake hadithi kutoka simuni ili kupitisha muda. Msusi hakuwa na habari naye, mpaka aliposikia: "Inazimika, lakini haifurahi."

Vidole vyake vilisimama katikati ya msuko.

"Soma tena hapo," akasema.

Mteja akasoma tena, akacheka. "Mtoto mtundu kweli huyu! Na mnajua, mwanzo yule mwandishi alimwua. Watu wakapiga kelele mpaka akamponya. Sasa yuko darasa la tatu, mzima wa afya. Nami nilikuwa nimeshika roho hivi!" Akashika kifua kuonyesha.

Saluni nzima ikacheka. Msusi aliumaliza msuko ule, mteja akasimama mbele ya kioo akasifu. Kisha akavua aproni, akaitundika, akaondoka bila kuaga.

Fundi aliporudi jioni alimkuta amekaa mezani, simu yake mwenyewe mbele yake. Alikuwa amempigia mteja akamwomba kiungo cha Ukumbi, na alikuwa amesoma yote, tangu sura ya kwanza.

"Baba Chiriku," akasema. Hakuwa amemwita hivyo tangu mazishi.

Fundi akajua. Akavuta kiti, asikikalie.

"Umemponya."

"Ni hadithi tu, mama."

"Hadithi tu. Yuko darasa la tatu. Meno yake yameota." Sauti yake haikupanda. "Watu saluni wanamcheka, wanampenda, wanajua atakula nini kesho. Mimi ndiye pekee niliyekuwa nimebaki na mtoto aliyekufa. Umeniachia huyo."

"Sikutaka..."

"Na mle ndani mimi niko wapi? Nimetafuta. Niko jikoni. Sura zote niko jikoni, napakua. Hospitali sipo kabisa." Akainua macho. "Ile sura uliyoifuta wasomaji wameihifadhi, nimeisoma nayo. Baba kashika mkono wa mtoto. Niambie, nani alikuwa chumbani?"

Fundi akaushika mgongo wa kiti. Dakika ile mtoto alipokata roho, yeye alikuwa chini, kwenye dirisha la dawa, amesimama kwenye foleni na karatasi ya daktari. Alipanda ngazi mbio na mfuko wa dawa, akakuta mlango umefungwa na muuguzi amesimama nje. Hakuna aliyemlaumu, na hapakuwa na la kulaumiwa. Ila tangu siku ile hakuwahi kumwuliza mkewe kilichotokea nyuma ya mlango ule. Alijiambia anamhurumia. Sasa, akiwa ameshika mgongo wa kiti, alijiona alivyo: alikuwa akiogopa tu.

"Uchungu wa mwana nimeubeba peke yangu," mkewe akasema, "nikidhani wako nawe ni mzito vilevile, ndiyo maana husemi. Kumbe wewe ulishatua."

Akafunga nguo chache akaenda kwa dada yake.

Siku iliyofuata fundi hakufungua karakana. Aliingia Ukumbini, akaanza kufuta. Alifuta darasa la tatu. Alifuta meno, na ule mluzi, na upasuaji, na daktari aliyetabasamu. Kila alipobonyeza aliona kama anamzika tena kipande kwa kipande, na safari hii kwa mkono wake. Wasomaji wakaja juu: Fundi, vipi tena? Umeingiliwa simu? Akawaandikia maneno machache: mtoto alikuwa wangu, hakupona, nisameheni.

Halafu zikaanza zile pole alizozikimbia, moja baada ya nyingine, mpaka skrini ikawa pole tupu. Bi Koma alimwandikia faraghani, na kwa mara ya kwanza maandishi yake yalikuwa na makosa: "Ndugu yangu ningejua nisingesema neno. Nilikuambia hukuwepo. Mungu anisamehe."

"Ulisema kweli," fundi akajibu. "Sikuwepo. Sijawahi hata kuuliza."

"Basi kaulize," akaandika Bi Koma.

Dada wa mkewe alifungua mlango nusu, akasimama katikati kama bawabu. "Shemeji, kama umekuja kumchukua, rudi ulikotoka. Hajawa tayari."

"Sikuja kumchukua, dada. Nimekuja kumsikiliza."

Akatazamwa kuanzia viatu hadi utosi, kisha mlango ukaachiwa.

Mkewe alikuwa sebuleni kwa dada, anachambua maharage kwenye sinia. Fundi akakaa sakafuni upande wa pili, akaanza kuchambua naye. Wakaenda hivyo kitambo, mawe huku, maharage kule.

"Ilikuwaje?" akauliza.

Mkewe hakumwuliza nini. Aliendelea kuchambua hadi mikono ikakataa.

"Alikuwa anaongea," akasema. "Unamjua. Aliuliza kama lifti inakuchagua wewe au wewe unaichagua. Nikamwambia nyamaza, upumzike. Swali lake la mwisho nililijibu kwa nyamaza." Akaiweka mikono mapajani. "Halafu akasema, mama, soksi imejipinda. Nikainama. Soksi ilikuwa imejikunja kweli, pale kwenye kidole. Nikaivua, nikaigeuza, nikamvisha vizuri, nikamwambia haya, imekaa. Nilipoinua kichwa hakuwepo."

Fundi alikuwa ameshika harage moja, hakulitupa huku wala kule.

"Kila mtu anadhani nilimwona akienda. Wananiambia, angalau ulikuwa naye. Sikumwona, Baba Chiriku. Nilikuwa naangalia soksi. Wewe chini, mimi miguuni, hakuna aliyekuwa akimtazama usoni."

Fundi akalisukuma sinia, akamsogelea. Alimshika mkewe, na mkewe akamwachia uzito wake wote, wakalia. Siku ya mazishi hawakulia hivi; siku ile yeye alishikwa na wanaume upande wake, mkewe akashikwa na wanawake upande wake, na kila mmoja alisikia kilio cha mwenzake kwa mbali. Leo hapakuwa na wa kuwatenganisha. Dada alizima redio jikoni, akakaa huko huko.

Baadaye sana mkewe akafuta uso kwa kanga. "Hilo la soksi usiliandike."

"Siandiki."

"Si la watu."

"Najua, mama."

Hakurudi naye siku hiyo. Alirudi baada ya majuma kadhaa, na hata hapo walikuwa kama wageni wawili waliopangishwa nyumba moja, wanaombana radhi mlangoni. Zipo jioni walizozungumza, zipo ambazo hawakuweza. Hadithi ya fundi bado iko Ukumbini. Inaishia pale mtoto anapoingia wodini, ameshika mkono wa mama yake, anauliza kwa nini hospitali hazipakwi rangi ya njano. Wasomaji wapya wasiojua habari huandika chini yake kwamba ni nzuri, ila haijakwisha, na kumwuliza mwandishi inayofuata ataiweka lini.