Gauni la Mkono Mmoja

Mtaa mzima ulimwita Memori, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Mafundi wenzake walimwomba mteja awatumie picha ya mshono anaoutaka. Yeye aliitazama kwenye simu ya mteja muda wa kupiga chafya, akairudisha na kusema, "Tayari, iko kichwani." Na kweli ilikaa, mpaka wifi yake alipoleta kitambaa cha bluu.

Wifi huyu, dada mkubwa wa mumewe, alikuwa ameshonesha kwa kila fundi mjini isipokuwa kwa mke wa mdogo wake. Safari hii, kwa ajili ya mahafali ya bintiye, aliingia, akanyoosha simu. "Hili. Kama unaliweza." Gauni la mkono mmoja, bega la pili wazi, marinda kiunoni, limevaliwa na mwanamke aliyeegemea kiti. Memori akatazama, akarudisha. "Iko kichwani, wifi."

Sasa mkasi uko mkononi, kitambaa kimelala mezani, na kichwani hamna kitu. Ule mkono ulikuwa wa kushoto au wa kulia? Na wifi anakuja kujaribu alasiri hii hii. Kitambaa si uji, kwamba ukikiharibu utaongeza maji.

"Si umpigie umuulize," alisema msusi aliyepanga naye chumba cha kazi, vidole vyake vikiwa ndani ya nywele za mtu.

"Nimwambie nini? Memori imejaa?"

"Basi kata tu. Mikono yenyewe miwili, huwezi kukosa sana."

Memori akaweka mkasi, akashika simu, akaandika: gauni la bluu mkono mmoja. Picha zikamwagika. Za mikono miwili, zisizo na mikono, gauni la mwanasesere, mpaka pazia. Akaongeza: marinda kiunoni. Zikaja nyingine. Kidole gumba kikasukuma, kikasukuma. Kila picha ikamkonyeza aende kwenye ya pili, na alipozinduka alikuwa anatazama sebule ya mtu asiyemjua, yenye ngazi za kioo.

"Unashona gauni au unajenga?" msusi akauliza.

Akarudi mwanzo, roho juu juu. Na kweli, chini kabisa, akaliona. Marinda yale yale, mwanamke yule yule ameegemea kiti. Mkono wa kulia. Akashusha pumzi, akachukua chaki, na kidole, kwa mazoea tu, kikasukuma mara moja zaidi. Mwanamke yule tena, kiti kile kile, ila sasa mkono wa gauni uko kushoto, na mkoba umehamia upande wa pili. Kuna mtu aliigeuza picha kama chapati, akaiachia mtandaoni. Ipi ndiyo aliyoonyeshwa?

Hapo akakumbuka kovu. Wifi ana kovu la kuungua begani, jambo ambalo kwenye familia halisemwi. Bila shaka alichagua mkono mmoja ili alifunike. Akampigia mumewe kazini.

"Kovu la dada yako liko bega gani?"

"Lile la maji ya moto? Alilipata akinivuta mimi nisimwagikiwe."

"Najua. Bega gani?"

"Hili hapa."

"Mume wangu, tunaongea kwa simu."

"Hili la... ngoja. Nilikuwa mdogo, mama watoto."

Akakata simu. Akafungua picha za kundi la familia, akaanza kumtafuta wifi. Wifi pembeni kabisa. Wifi na mtandio. Wifi nyuma ya bibi harusi, amejikinga kwa shada la maua la mwenzake. Miaka mizima ya kujificha, na Memori hakuwahi kuiona. Mwishowe, picha moja: wifi amembeba mtoto barabarani, blauzi imeteleza, kovu liko wazi. Lakini je, kama na hii imegeuzwa? Akaivuta ikue. Nyuma yake kulikuwa na bango la duka la dawa, na herufi zilisomeka vizuri. Haikugeuzwa. Memori akasimama, akaipa simu mgongo kama wifi alivyolipa mgongo lile bango, akajigusa. Kushoto.

Akakata kitambaa kabla moyo haujabadilika.

Wifi aliwahi. Gauni lilikuwa bado limeshikizwa kwa pini, akalivaa nyuma ya pazia, akatoka, akasimama mbele ya kioo. Akatazama bega la kushoto lililofunikwa. Akatazama tena.

"Kwenye picha mkono ulikuwa kulia," alisema.

Msusi aliacha kusuka.

"Picha niliisahau, wifi," Memori akasema. "Nimetafuta tangu asubuhi. Mwisho nikakutafuta wewe."

Wifi alilaza kiganja juu ya mkono wa gauni. "Nimewahi ili nikuambie uugeuze. Njia nzima nawaza nitaanzaje kukuambia." Akavuta pua. "Hapa kiunoni panabana. Au hilo nalo umelisahau?"

"Nalegeza, wifi."

Akapiga magoti na pini mdomoni. Pajani kwake kidole gumba kilikuwa bado kinasukuma hewa, kana kwamba chini kuna picha nyingine.