Ahadi Iliyobaki Kichwani

Mama yao aliwaita wote wawili siku chache kabla hajafa. Kiharusi kilikuwa kimemfunga ulimi, lakini binti aliyemuuguza alikwisha kuyazoea maneno yake yaliyopinda. Kaka mtu naye siku hiyo aliyaelewa: nyumba ni ya kitindamimba, huyo binti. Akaitika, "Nimesikia, mama."

Matanga yalipokwisha, akamtaka dada yake aondoe cherehani yake, nyumba inauzwa. Dada akamfuata jikoni, wakiwa peke yao, akamuuliza kama kweli hakumsikia mama.

"Nilimsikia," alisema kaka, akimenya chungwa taratibu. Alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu wa kupenda ubishi. "Lakini mama hayupo. Mimi nikikana, ahadi imebaki kichwani mwako tu. Nionyeshe ilipo."

"Si wewe unayefundisha kuwa mbili na mbili ni nne hata watu wote wakifa? Basi na haki ni hivyo hivyo."

"Nne haihitaji shahidi. Haki inahitaji."

Dada alipolipeleka jambo mbele ya ndugu, kaka hakufoka. Alisema kwa huruma kwamba kuuguza kumemchosha mdogo wake, sasa anasikia yasiyosemwa. Akauliza tu: mama aliyekuwa akiomba hata maji kwa kidole, sentensi nzima aliitamka vipi? Mama mdogo akamshika binti mkono, akamwambia apumzike. Kila aliyekuja kumwona alimpa pole ile ile.

Nyumba ikauzwa, dada akapanga chumba chenye dirisha dogo. Mwanzoni, akishona, aliyarudia maneno ya mama kimoyomoyo. Kadiri alivyoyarudia ndivyo yalivyozidi kusikika kwa sauti yake mwenyewe. Akaanza kuhofu kwamba huenda ni tamaa yake iliyosema. Ukoo mzima ungekoseaje, yeye peke yake apatie?

Mwaka uliofuata alibisha hodi kwa kaka yake, akapiga magoti sebuleni, akaomba radhi kwa kumzushia uongo na kumsingizia marehemu. Alilia mpaka kwikwi zikamshika. Kaka alimtazama utosini. Hakuwa amesahau hata neno moja la mama. Angeweza kuyatamka yote pale pale.

"Yamekwisha, mdogo wangu," alisema, akamwinua.

Mgeni alipoondoka, mkewe akamuuliza wifi alitaka nini.

"Kutubu."

"Umemsamehe?"

"Mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe," alijibu, akavuta sahani yake, akala akashiba.